Kutoka 17 kwenda 18: shajara ya namba iliyohama

Kiwanja chetu ni mali ya kaunti, katikati ya Marekani, kimezungukwa na mashamba ya mahindi pande zote. Njia ya kurukia ni moja tu, ya lami, futi 3,900 kwa 75, yaani kama mita 1,190 kwa 23. Hatuna mnara wa kuongozea ndege wala ndege za ratiba. Tuna mabanda ya ndege ndogo, matangi mawili ya mafuta, ofisi yenye redio na birika la kahawa, na wafanyakazi watatu: meneja, fundi na mimi. Naandika hii shajara kwa sababu meneja alisema mradi huu "ni rangi tu, wiki moja". Nilitaka niwe na ushahidi.

Wiki ya 1

Barua imefika: njia yetu ya kurukia, ambayo tangu ijengwe inaitwa 17 ukielekea kusini na 35 ukielekea kaskazini, sasa itakuwa 18 na 36. Hakuna aliyeisogeza lami. Kilichosogea ni sindano ya dira.

Namba ya njia ya kurukia ni upande wake kwa dira, ukikadiriwa kwenye kumi iliyo karibu na kukatwa sifuri ya mwisho. Dira iliposoma digrii 172, tuliitwa 17. Ncha ya sumaku ya kaskazini haikai mahali pamoja. James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 huko kaskazini mwa Kanada, na tangu hapo imetembea hadi kuingia Bahari ya Aktiki ikielekea upande wa Siberia. Huku kwetu mabadiliko ni ya polepole, kama digrii moja kwa miaka kumi hivi, lakini miongo minne ikipita unajikuta dira inasoma 176. Nayo 176 ikikadiriwa ni 18.

Hatukuwa wa kwanza. Fairbanks kule Alaska walibadilisha mwaka 2009, Tampa wakafuata mwaka 2011, na Geneva mwaka 2018. Stansted ya London nayo ilibadilisha mwaka 2009, ila kwao, kama Geneva, namba zilipungua, kutoka 05 na 23 kuwa 04 na 22, kwa kuwa sindano yao inaelekea upande mwingine. Lakini hao wana idara nzima za kazi hii. Sisi tuna fundi, ambaye wiki hii yuko chini ya trekta la kukatia nyasi.

Nimeanza orodha ya mahali 17 na 35 zinapoonekana kiwanjani. Nimefika 9: namba mbili zilizochorwa kwenye lami, mabango manne ya kando, ramani ya ukutani, kibao cha sheria za kelele karibu na geti, na karatasi iliyobandikwa juu ya redio. Nilidhani nimemaliza.

Wiki ya 2

Kikao na bodi ya kaunti. Tulipewa dakika kumi, katikati ya hoja ya daraja na hoja ya mbwa wanaozurura.

Mjumbe mmoja aliuliza, na swali lake halikuwa la kipuuzi: kwa nini tusiiache 17? Ndege zitatua palepale. Meneja alijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema rubani anapoingia mahali asipopajua, hasa mawingu yakiwa chini, anahakikisha yuko juu ya njia sahihi kwa kulinganisha vitu vitatu: dira yake, namba aliyoambiwa, na namba anayoiona kwenye lami. Kimoja kikipishana na vingine anaanza kusitasita, na rubani anayesitasita akiwa karibu na ardhi hafai.

Mwingine akauliza kama pesa za mafuta ya ndege haziwezi kusaidia barabara za kaunti. Hapana. Kaunti ikishapokea ruzuku ya FAA, mamlaka ya anga ya shirikisho, mapato ya kiwanja hubaki kiwanjani. Ndiyo masharti, na masharti hayo hukufuata miaka mingi baada ya pesa yenyewe kwisha. Viwanja vidogo kama chetu vinastahili hadi dola 150,000 kwa mwaka kutoka mfuko huo, na kwa kawaida serikali ya shirikisho hubeba asilimia 90 ya gharama ya mradi unaokubalika. Kwa hiyo tumeunganisha: kuziba nyufa za lami, kuchora upya alama zote, na kubadilisha namba. Namba peke yake ingekuwa vigumu kuiombea pesa. Nyufa kila mtu anazielewa.

Bodi imepitisha. Hoja ya mbwa ilichukua muda mrefu zaidi.

Wiki ya 4

Leo nimejifunza kwamba tarehe hatuchagui sisi. Ramani za anga na vitabu vya taarifa za viwanja hutoka kwa mzunguko wa siku 56, na hifadhidata za GPS ndani ya ndege husasishwa kila siku 28. Mabadiliko huanza kutumika Alhamisi, saa 0901 kwa saa ya kimataifa. Kwetu, msimu huu, hiyo ni saa kumi na dakika moja alfajiri.

Maana yake kuna dakika moja ambapo, kwa dunia nzima, 17 inakufa na 18 inazaliwa, tuwe tumepaka rangi au hatujapaka. Ukiwahi kupaka, lami inasema 18 na ramani inasema 17. Ukichelewa, ni kinyume chake. Njia pekee ya busara ni kufunga njia ya kurukia kabla ya Alhamisi hiyo na kuifungua baada yake, ili wakati wa makabidhiano asiwepo mtu wa kuchanganyikiwa. Tumechagua Alhamisi ya mwisho wa kiangazi, kwa kuwa rangi inayochanganywa na maji haipendi baridi wala unyevu. Tumeomba kufunga kuanzia Jumatatu asubuhi.

Orodha imefika 23. Taratibu mbili za kutua kwa GPS zina namba ndani ya majina yao. Kitabu cha dharura cha zimamoto wa kaunti kinasema "ncha ya 35" kumaanisha geti la kusini. Helikopta ya wagonjwa ina mchoro wake. Mkataba wa mkulima anayekata majani pembeni ya njia unaeleza mipaka ya shamba kwa namba za njia ya kurukia. Mwanasheria wa kaunti amecheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

Wiki ya 5

Siku ya kawaida, naiandika ili isemwe kwamba mradi hausimamishi kazi nyingine. Asubuhi nimepita njia nzima kwa gari nikitafuta kokoto, skrubu, taa zilizokufa na kulungu. Kulungu walikuwa watatu. Nimetoa sampuli ya mafuta chini ya kila tangi kwenye ndoo nyeupe na kuangalia kama kuna maji au uchafu. Petroli ya ndege hutiwa rangi ya buluu, ya jeti haina rangi au ina unjano wa nyasi kavu, kwa hiyo jicho linakusaidia. Mdomo wa bomba la jeti nao ni mpana makusudi, usiingie kwenye tangi la ndege ya pistoni. Ukitia mafuta ya jeti kwenye injini ya pistoni huenda ikawaka, ikakutoa ardhini, halafu ikazima mahali pabaya kuliko pote.

Hiyo petroli ya buluu bado ina madini ya risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Mwaka 2023 shirika la mazingira la shirikisho, EPA, lilitamka rasmi kwamba risasi hiyo ni hatari kwa afya ya watu, na lengo la FAA na wadau ni kuiondoa ifikapo mwisho wa 2030. Kaunti ya Santa Clara kule California haikusubiri: ilisimamisha uuzaji wake kwenye viwanja vyake viwili tangu Januari 2022. Sisi bado tunaiuza. Mradi wa tangi la mafuta yasiyo na risasi upo kwenye meza ya meneja, chini ya mradi huu wa namba, na juu ya mradi wa choo.

Wiki ya 7

Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyeliona, na naliandika kwa kirefu kwa sababu ninaamini ni zito kuliko rangi.

Kwa kuwa hatuna mnara, marubani wanajiongoza wenyewe kwa kuongea. Kila anayekaribia hutangaza kwenye masafa ya pamoja alipo na anachotaka kufanya, na wengine wanajipanga. Masafa yenyewe ni machache, kwa hiyo viwanja vingi hugawana. Yetu ni 122.8, na viwanja vitatu tunavyovisikia wazi siku ya anga safi viko hapohapo. Ndiyo maana utaratibu ni kutaja jina la kiwanja mwanzoni na tena mwishoni mwa kila tangazo.

Kiwanja jirani, umbali wa kilomita 30 hivi, kina njia ya 18 na 36. Kimekuwa nayo siku zote.

Nimekaa na redio mchana kutwa Jumamosi, siku ya wanafunzi wa urubani, nikiandika kila tangazo. Karibu theluthi moja walikuwa wanameza jina la kiwanja au wanalitaja mara moja tu kwa haraka. Na haikuleta shida, kwa kuwa kila mtu wa eneo hili alijua: ukisikia "moja saba" ni kwetu, ukisikia "moja nane" ni kwa jirani. Namba imekuwa ikifanya kazi ya jina kwa miaka, bila mtu kuipa kazi hiyo.

Kuanzia Alhamisi ile sote tutakuwa "moja nane". Mtu akisema "nageuka kuingia mstari wa kutua, moja nane", bila jina, nani atajua ni wapi? Ukidhani ni kwa jirani kumbe ni kwako, mnaweza kukutana kwenye mstari uleule, mmoja juu ya mwingine, na wa juu asimwone wa chini kwa sababu ya mabawa yake.

Nimempelekea meneja karatasi zangu. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Jioni alimpigia simu meneja wa kiwanja jirani. Wamekubaliana kuomba masafa mengine kwa ajili yetu, lakini leseni ya masafa inapitia FCC, mamlaka ya mawasiliano, na haitafika kabla ya siku yetu. Kwa sasa tuna dawa ya mdomo tu: mkutano na walimu wa urubani wa viwanja vyote viwili. Mwalimu mmoja mzee alitoa wazo zuri kuliko yetu yote. Alisema atakuwa anakataa kuwajibu wanafunzi wake redioni mpaka wataje jina la kiwanja mara mbili. "Watajifunza kwa aibu," alisema, "ni mwalimu wa bei nafuu."

Wiki ya 11

Mabango yamefika, mapema kuliko tulivyoahidiwa, na yamekosewa.

Bango la kusimama kabla ya kuingia njia ya kurukia ni jekundu lenye maandishi meupe, na mpangilio wa namba si urembo. Namba iliyo kushoto kwenye bango ni ya ncha iliyo kushoto kwako. Njia zetu za kuingilia katikati ziko upande wa mashariki. Ukisimama pale unatazama magharibi, na kushoto kwako ni kusini. Kwenye ncha ya kusini unaanzia safari ya kwenda kaskazini, yaani 36. Kwa hiyo bango lazima lisome 36-18. Yaliyoletwa yanasema 18-36.

Fundi alisema yageuzwe juu chini. Nilicheka, kisha nikamwona yuko makini, akilizungusha bango mikononi. Ukiligeuza 18-36 juu chini unapata 9E-81. Tumelirudisha. Muuzaji, ambaye simtaji, alikubali kosa baada ya barua pepe tatu na mchoro mmoja niliouchora kwa kalamu ya watoto.

Mabango ya ncha zote mbili yako sawa kwa sababu yana namba moja moja tu. Hata hayo niliyashika na kuyaangalia mara mbili.

Wiki ya 14

Mkandarasi wa rangi amekuja kupima. Tumebishana kuhusu namba za zamani. Kinachobadilika kwa macho ni kidogo: 7 kuwa 8, na 5 kuwa 6. Nilitaka tubakize 1 na 3. Mhandisi alikataa kwa upole: rangi ya zamani inabanduka, na tarakimu mpya kando ya kuukuu itaonekana kama jino la bandia. Zote nne ziondoke.

Kuziondoa nako si kuzifunika kwa rangi nyeusi. Nyeusi juu ya lami inaonekana safi saa sita mchana, lakini jua likilala au mvua ikinyesha namba ya chini hufufuka, na rubani anaona 17 na 18 zikigombana. Zinachubuliwa kwa maji ya shinikizo kubwa mpaka lami yenyewe. Kila tarakimu ina urefu wa futi 60, kama mita 18. Kutoka ofisini huoni chochote. Lazima uwe angani ndipo usome, na ninaona ajabu kidogo kusimamia maandishi ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyasoma nikiwa kazini.

Orodha: 31. Nimeongeza mchezo wa urubani wa kompyuta unaotumiwa na klabu ya vijana, na kikombe cha meneja.

Wiki ya kazi, Jumatatu

Njia imefungwa saa moja asubuhi. Tangazo rasmi kwa marubani, NOTAM, limetoka tangu wiki iliyopita. Alama mbili kubwa za X zenye taa, zilizopakiwa kwenye trela, zimesimama kila ncha, na jenereta zake zimejazwa dizeli. Eneo la maegesho liko wazi kwa helikopta ya wagonjwa. Kwa ndege nyingine tumefunga duka, na bomba la mafuta litapumzika siku nne ambazo ndizo zinazotulipa mishahara.

Kuna jambo moja wageni wa kazi hii hulisahau. Taa zetu huwashwa na rubani mwenyewe kutoka angani, kwa kubonyeza kitufe cha redio: mara saba ndani ya sekunde tano kwa mwanga mkali, tano kwa wa kati, tatu kwa hafifu, nazo hukaa dakika 15. Njia ikifungwa, mfumo huo lazima unyamazishwe, la sivyo mtu atajiwashia taa za kutua juu ya mashine za mkandarasi. Fundi amezima kipokezi, akazima taa za kuonyesha mteremko, akazima na taa kuu inayozunguka, kisha akafunga sanduku kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

Saa tatu usiku nilirudi kuongeza dizeli kwenye trela la kaskazini. Nikiwa pale, redio ya mkononi ikafanya tik, tik, tik, tik, tik, tik, tik. Saba. Nikasimama. Kimya, kisha tena saba. Kuna mtu juu yangu, gizani, anaomba taa.

Nilimwita nikasema njia imefungwa mpaka Alhamisi, na X mbili zinawaka. Sauti ya mwanamke ikajibu, tulivu sana: anaziona, alikuwa anajiuliza ni nini. Hakusoma NOTAM. Nilimuuliza mafuta. Alikuwa na ya saa moja na zaidi. Nikamwelekeza kwa jirani, njia 18, na hapo ndipo nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema "moja nane" bila jina la kiwanja. Nikarudia, na jina, mara mbili. Alishukuru akaondoka. Nilikaa kwenye trela mpaka sauti ya injini ikapotea kabisa.

Jumanne

Kuchubua kumekwisha ncha ya kaskazini. Nyufa zimezibwa tangu njia 35 hadi katikati. (Nimeandika 35. Naiacha hivyo.)

Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Mkandarasi ameketi ndani ya gari lake. Mimi nimeketi ndani ya gari langu. Meneja anapita kila nusu saa kuangalia mbingu kana kwamba zitamwonea haya.

Saa nane mchana upepo umegeuka na kukauka. Mfuko wa kuonyesha upepo ulionyooka wima mchana kutwa ukiwa umelowa, umeinuka. Ukiona mfuko umejaa na kulala sawa kabisa, ni upepo wa noti 15 au zaidi, yaani kama kilomita 28 kwa saa, na leo ulijaa. Lami ilikauka kwa saa mbili. Tumeanza na ncha ya kusini, 36, saa kumi na moja jioni. Rangi nyeupe inapulizwa, na nyuma yake shanga ndogo za kioo zinamwagwa ikiwa bado mbichi, zizame nusu. Shanga hizo ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za ndege usiku. Bila shanga, namba ni nyeupe mchana tu.

Ncha ya kaskazini, 18, haikuwahi mwanga. Umande ulianza kushuka saa moja usiku na mkandarasi akagoma, na alikuwa na haki.

Alhamisi

Niliamka saa tisa na nusu usiku, sijui kwa nini. Hapakuwa na kitu cha kufanya. Nilienda ofisini nikawasha kompyuta, na saa kumi na dakika moja nikafungua upya ukurasa wa kiwanja. Njia ya kurukia: 18/36. Nje, ncha moja ilisema 36 na nyingine haikuwa na neno lolote, lami tupu, imechubuliwa, nyeusi. Kwa saa kadhaa tulikuwa na njia ya kurukia yenye jina upande mmoja tu.

18 ilichorwa kati ya saa nne na saa saba mchana. Fundi alibadilisha mabango wakati huohuo. Kaunti ilituma mkaguzi, mhandisi akapima kwa utepe, meneja akatembea mwendo wote wa mita 1,190 kwa miguu na kurudi akiwa amechomwa na jua. Saa kumi jioni fundi akafungua kufuli, akawasha kila kitu, na mimi nikabonyeza redio mara saba kujaribu. Taa ziliwaka mchana kweupe, hazina faida yoyote, na zilipendeza.

Wa kwanza kutua alikuwa mwalimu yule mzee, na mwanafunzi. Mwanafunzi alitaja jina la kiwanja, "moja saba", kimya kirefu, "nasahihisha, moja nane", na jina tena. Aliligonga jina hilo kwa nguvu kama anayelipa faini.

Wiki ya 18

Mambo yaliyobaki. Marubani wawili waliopita hapa hawajasasisha hifadhidata zao, na skrini inawaonyesha 17 huku macho yanasoma 18. Mmoja alipiga simu ofisini kutuuliza kama tumekosea. Jirani anasema wanafunzi wake wameacha kumeza jina. Kwetu bado wako wanaomeza, na nimeanza kuwajibu redioni kwa kuuliza tu "wapi?"

Ombi la masafa liko FCC. Kikombe cha meneja hakijabadilishwa, na amekataa nisikiguse.

Orodha imefika 38, yote yamepigwa alama. Nimeichapisha na kuibandika juu ya redio, mahali palipokuwa na karatasi ya zamani.

Wiki ya 19

Ya 39: msimbo wa geti la magari. Ulikuwa 1735, tangu enzi za meneja wa kwanza, na kila mwenye banda aliujua kuliko namba ya simu ya mkewe. Jana jioni nimeubadilisha kuwa 1836 na kutuma ujumbe kwa wapangaji wote, nikaenda nyumbani nikijisikia vizuri.

Leo saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na gari moja limekwama nje ya geti, dereva akibonyeza namba zilezile mara tatu, akilaani. Lilikuwa gari langu.